Saa Moja Kila Jumapili

Bei yenyewe ilikuwa saa moja kila Jumapili, kwa miaka miwili. Ndiyo aliyotaja Mwalimu siku aliyokuja mara ya kwanza kwenye banda langu la ndizi pale Keumbu, mkoba begani, vumbi la chaki kwenye mikono ya sweta. Aliitaja bila kuzungusha, kama mtu asiyejua kwamba sokoni bei ya kwanza hutajwa ili ikataliwe. Mimi sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote. Hata jeneza la baba yangu nilipunguziwa.

Nikamwambia Jumapili ni siku yangu ya kazi, mimi ni mtu wa Sabato.

"Basi Jumamosi," akasema.

"Jumamosi ni Sabato yenyewe, Mwalimu. Siruhusiwi."

"Kwa hiyo Mungu wako amezuia siku zote mbili?"

"Siyo mimi niliyempangia."

Nikampa nusu saa. Akakataa. Nikampa saa moja, lakini mara moja kwa mwezi. Akakataa. Mwishowe tukafika pale nilipotaka tangu mwanzo: ningejifunza lugha ya mikono hapo hapo bandani, wateja wakipungua, maneno ya biashara tu. Alipoondoka nilihesabu Jumapili nilizookoa. Mia moja na nne. Nikahesabu tena, bado mia moja na nne. Jioni nilikwenda nyumbani nikijiona mjanja.

Jina lake silitaji, na sokoni hatukulitumia. Walimu wengine walikuwa na majina. Huyu alikuwa Mwalimu basi, na ukisema Mwalimu kila mtu alijua unamsema yule mama wa darasa la viziwi katika shule ya msingi iliyo juu ya soko. Alikotoka hakunieleza. Nilijua tu kwamba si wa kwetu, kwa sababu ya Ekegusii chake, lugha yetu.

Mtu angedhani anayefundisha viziwi ni mtu wa kimya. Huyu alikuwa redio. Aliongea kwa mdomo na mikono kwa wakati mmoja, hata akiongea na mtu mwenye masikio yake mawili, hata akiwa amebeba mayai. Kanisani kwao walisema aliimba kuliko wote na kukosea kuliko wote. Akiingia sokoni tulimsikia tangu kwa washona viatu. Halafu nyuma yake watoto wake, kumi, kumi na wawili, wakimfuata na mazungumzo yao ya mikono, wanacheka mambo ambayo sisi hatukuyajua. Nimeuza ndizi miaka mingi, na sipendi kuchekewa na mteja ambaye siwezi kumjibu. Nadhani hapo ndipo Mwalimu alinishika.

Mmoja wa watoto hao alikuwa wangu. Kemunto aliugua akiwa na mwaka mmoja na nusu, homa ya kichwa, na ilipopoa ikawa imeondoka na masikio. Nyumbani tulikuwa tunamwonyesha vitu kwa kidole. Kula. Njoo. Lala. Acha. Nikihesabu, yalikuwa maneno manne, na moja lilikuwa la kukataza.

Mwalimu alikuwa na kazi yake aliyoiita kununua. Siku za soko aliwatuma watoto vibandani bila karatasi. Shule nyingine mtoto kiziwi anapewa karatasi imeandikwa "nyanya kumi, chumvi paketi moja", anamnyooshea muuzaji, anarudishiwa chenji, anaenda. Mwalimu hakutaka. Alisema karatasi inamfanya muuzaji asimtazame mtoto. Kwa hiyo alipita banda kwa banda akitufundisha sisi: tarakimu kwanza, kisha bei gani, ghali, punguza, mbichi, mbivu, imeoza, kesho, hakuna. Wauza mboga walichoka mapema. Mimi nilifika ishara arobaini na moja.

Sijifichi, nilijifunza kwa sababu ilikuwa na faida. Viziwi wa kutoka Nyakoe na hata Suneka walisikia kuna mtu wa mikono Keumbu, wakawa wanashuka kwangu. Niliwapunja kama nilivyowapunja wengine, nao wakanipunja kama wengine, na tukaheshimiana. Siku ya wazazi mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya watu, akasema huyu ni mzazi wa mfano, amejifunza lugha ya mtoto wake. Watu wakapiga makofi. Watoto wa Mwalimu wakainua mikono hewani wakaitikisa, ndiyo makofi yao. Nilimtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa ameinamia mkoba wake anatafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Baada ya hapo aliniletea Kemunto na daftari lake.

"Mwulize muhula umekwendaje," akaniambia.

"Niulizie wewe, Mwalimu, wewe ndiye unajua."

"Mimi si baba yake."

Akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono. Yule mwanamke ambaye aliongea na kila kitu chenye uhai alinyamaza. Nikabaki na mtoto wangu wa miaka kumi na mmoja, tunatazamana. Nilitafuta katika zile arobaini na moja. Nikamwuliza: ngapi? Akanionyesha vidole vitatu. Wa tatu darasani. Nikamwuliza tena: ngapi? Nilikuwa nahakikisha. Vidole vitatu. Nikatikisa kichwa kwamba ni vizuri, nikampa sukari ndizi, ile ndogo tamu, niliyokuwa nayo mfukoni. Hayo ndiyo mazungumzo tuliyokuwa nayo muhula ule.

Alikuwa mkali, watu wanaomsifu sasa wanasahau. Siku moja mwanafunzi wake mdogo alinunua ndizi sita kwangu, nikampa saba. Baada ya dakika chache Mwalimu akarudi naye, amemshika kiganja.

"Umempa saba."

"Nimemwongezea."

"Mwenye masikio akinunua sita unampa saba?"

"Hapana. Lakini huyu ni…"

"Huyu ni nini?"

Akaichukua ndizi ya saba akaiweka mezani. Mtoto alianza kulia kile kilio chao kikubwa, akina mama wote wakageuka. Mama wa viazi jirani yangu akasema kwa Ekegusii kwamba mwanamke huyu hana tumbo, angekuwa na mtoto wake asingefanya hivyo. Nadhani Mwalimu alielewa, maana masikio yalionekana kusimama, ila hakujibu.

"Anajifunza kuhesabu," akaniambia, "na wewe unamharibia hesabu kwa huruma yako. Sasa mfundishe kuomba nyongeza. Akiomba vizuri mpe. Akiomba vibaya mnyime."

Mtoto akaomba. Nikamnyima. Akaomba tena, akaongeza kunionyesha kwamba ndizi mbili kati ya zile sita zina doa. Zilikuwa na doa kweli, nilizitia katikati kwa makusudi. Nikampa mbili. Mwalimu alicheka mpaka akakalia kreti ya soda.

Mkali hivyo, na bado mtu wa ofisi ya elimu akija alimdanganya mchana kweupe. Alikuja mmoja akahutubia darasa la viziwi karibu saa nzima, amewapa mgongo nusu, anamwangalia mwalimu mkuu. Mwalimu alisimama nyuma yake akitafsiri. Watoto wakawa wanacheka. Ofisa akafurahi, akaongeza hotuba na ahadi. Mimi nilikuwa dirishani, nimeleta ndizi za uji, na kati ya ishara za Mwalimu nilitambua mbili: kesho, na hakuna. Nyingine sikuzihitaji.

Sasa Ekegusii chake. Miaka yote aliyokaa kwetu hakukijua, na hili watu walimshangaa nalo: mtu anayetuhimiza kujifunza lugha ya watoto, yeye mwenyewe ananunua mboga kwa Kiswahili. Mimi nilikuwapo alipojaribu. Alikuja saa kumi alasiri akawaambia akina mama wa viazi "bwakire", salamu ya asubuhi. Walishika mbavu. Wiki nzima akipita, mmoja anamwita "bwakire" jua likizama, na wote wanaanguka. Na aliposikia mtoto akimwita mama yake "baba", maana kwa Ekegusii baba ni mama, akamwuliza mama wa viazi baba wa mtoto ni nani hasa, ikawa wiki nyingine. Baada ya hapo hakujaribu tena.

Nilimtania siku moja. "Mwalimu, sisi unatusukuma na mikono, wewe bado unaogopa kuomba mchicha."

"Nilijaribu mkanicheka," akasema. "Nikaona nisubiri mfe kwanza."

Kisha akaacha mzaha. "Ndiyo maana najua unachoogopa, Baba Kemunto. Mtu mzima hapendi kuwa mtoto mbele ya watu. Lakini wale hawatakucheka. Wakikucheka, ni kwa sababu umechekesha."

Nikamwambia mimi siogopi kitu, nina kazi nyingi. Akaniangalia kama ninavyomwangalia mteja anayesema ndizi si nzuri huku amezishika.

Watoto wake walimpa kila mtu jina la mkono. Halinunuliwi, wala hujichagulii, wanakuangalia tu, siku moja unalo. Mama wa viazi alikuwa mkono kwenye mbavu. Mwalimu mkuu alikuwa tai inayokaza shingo. Mimi nilikuwa vidole viwili vinavyogonga mara mbili, na kwa muda mrefu nilifikiri maana yake ni baba wa Kemunto. Siku nilipouliza, Mwalimu akaniambia: anayehesabu mara mbili. Nikamwuliza nani kanipa. Akasema binti yako.

Lililotokea hospitalini nililiweka mbali, na sasa nalisema.

Kemunto alikuwa na miaka kumi na minne. Jumamosi, tumetoka kanisani, tukamkuta amejikunja sakafuni jikoni, amekuwa rangi ya majivu. Tukamkimbiza mjini Kisii. Daktari kijana, mpole, si wa huku, akamwuliza kwa Kiswahili inauma wapi, akaambiwa hasikii. Akanigeukia. "Wewe ni baba yake? Mwulize imeanza lini. Mwulize kama ametapika. Mwulize inauma kama kuchomwa ama kama kuminywa."

Mzazi wa mfano. Nikainua mikono. Nikamwuliza: ngapi? Akanitazama bila kuelewa ngapi ya nini. Nikamwonyesha tumbo nikamwuliza: imeoza? Akanitazama. Mama yake akawa anamsugua mgongo na kulia. Nikarudia: ngapi? ngapi? Daktari akasema, "Anasemaje?" Nikasema, "Anafikiri."

Nilimpigia simu Mwalimu. Alifika kwa pikipiki, kitambaa kimemteleza kichwani, kwa mara ya kwanza bila maneno. Akapiga magoti mbele ya kitanda. Mikono ya Kemunto ikafunguka. Sijui namna nyingine ya kueleza. Mtoto aliyekuwa amejikunja na maumivu aliongea, na kuongea, huku machozi yanamtoka, na Mwalimu akawa anamwambia daktari. Walimwingiza chumba cha upasuaji muda si mrefu. Ilikuwa kidole tumbo, karibu kipasuke.

Tukasimama kwenye ukumbi, kwenye harufu ya dawa.

"Unataka kujua alichosema?" akaniuliza.

"Nimemsikia daktari. Ni kidole tumbo."

"Sikuulizi alichosema daktari."

Nikaangalia mlango wa chumba cha upasuaji.

"Amesema ilianza Jumatano. Leo ni Jumamosi. Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia. Akasema nyumbani hapakuwa na mtu."

"Tulikuwepo, Mwalimu. Sote. Mimi, mama yake, nyanya yake." Nilivikunja vidole mbele yake, kimoja kimoja. "Watu watatu."

Akaviangalia vidole vyangu.

"Rudia hesabu," akasema, akaenda kukaa na mama Kemunto.

Nilikwenda darasa la Jumapili mara mbili baada ya hapo. Wazazi tisa, viti vya watoto, magoti kidevuni. Tukawekwa kila mtu na mtoto wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa vidole, vidole ninavyo. Lakini Mwalimu alianza na uso. Akasema nusu ya neno iko usoni: nyusi zikipanda ni swali, mashavu yakijaa ni kitu kikubwa, mdomo ukienda hivi ni uchungu wa kweli na ukienda vile ni uchungu wa kuigiza. Akasema mtazame mtoto machoni na usimwachie. Mkono unauona kwa pembeni. Anayetazama mkono ni kama anayesikiliza viatu vya mtu badala ya mdomo wake.

Kwetu kuna chinsoni. Ni haya na heshima kati ya mzazi na mtoto wake aliyekua. Baba haingii chumba cha mwanawe aliyeoa. Baba hafanyi mzaha na binti aliyevunja ungo, hamkodolei macho, hakunji uso mbele yake kama mchezaji wa ngoma. Nilikuwa nimekaa magoti yakigusana na binti yangu wa miaka kumi na minne, nikaambiwa nimtazame usoni nijaze mashavu. Wazazi wengine wa kwetu walikuwa wanatazama sakafu kama mimi. Jumapili ya pili nikainuka.

Mwalimu alinifuata mpaka kwenye mgomba nyuma ya darasa.

"Ni chinsoni," nikamwambia. "Huwezi kuelewa, si ya kwenu."

"Nimeielewa kabla sijajua 'bwairire' ni ya jioni. Ni heshima nzuri. Lakini baba mwenye kuheshimu kwa kutotazama bado anasema naye kwa mlango, kwa ukuta, kwa kukohoa nje. Mtoto anamsikia. Huyu ukigeuza uso, umezima taa."

"Mama yake atajifunza."

"Sikumwomba mama yake peke yake."

"Mwalimu, ndizi zimeanza, malori yanatoka Nairobi. Nitarudi msimu ukiisha."

"Baba Kemunto," akasema polepole, "hapa hatupatani bei."

Kwetu ndizi hazina msimu unaoisha, na yeye alijua. Mama Kemunto alikwenda mpaka mwisho, Jumapili zote. Akawa anacheka na binti yake jikoni bila sauti, na mimi nikiingia mikono inashuka. Si kwa ubaya. Ilishuka kama watu wanavyobadilisha lugha mgeni akiingia.

Kemunto sasa yuko Nakuru, anashona sare za shule, ameolewa na fundi wa mbao ambaye pia ni kiziwi. Wana msichana wa miaka minne anayesikia. Krismasi iliyopita walikuja. Tumekaa mezani, Kemunto akasema jambo kwa mikono, na yule mtoto, mdomo umejaa chapati, akanigeukia: "Babu, mama anasema umekonda." Nikamwambia mwambie ni uzee. Akaweka chapati chini akamwambia. "Babu, mama anasema si uzee, hulali." Nikaangalia sahani yangu. Nilikuwa nazungumza na mwanangu kwa mara ya kwanza, na mkalimani wetu alikuwa hajaanza shule.

Mwalimu alikuwa amestaafu zamani, akabaki huku huku, nyumba ndogo upande wa Nyakoe, na kishamba chake cha mboga ambacho kuku wa jirani walikila kuliko yeye. Mwaka huu nikasikia amepooza upande wa kulia, na sauti imekwenda. Sikuamini hilo la sauti. Nilikata vichana viwili vya sukari ndizi, nikaenda.

Aliyemtunza ni binti wa ndugu yake, msichana mwema, amechoka. Akaniingiza. Mwalimu alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomwacha. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa leso kwenye ubavu wa kitanda.

"Kwa nini amefungwa?"

"Anaurusharusha tu, mchana kutwa," msichana akasema. "Anamwaga uji. Nesi alisema ni ugonjwa, ubongo umechanganyikiwa. Atajiumiza."

Nikaushika ule mkono. Ulikuwa unatembea ndani ya leso kama kifaranga.

"Mama," nikamwambia msichana, "huyu haurushi. Anaongea."

"Anaongea na nani?"

Nikaifungua leso. Mwalimu aliunyoosha mkono, akapumua. Kisha akagonga godoro kwa vidole viwili. Mara mbili.

Alinijua. Jina langu, nililopewa na binti yangu, kwenye godoro la Nyakoe.

Halafu akaanza. Mkono mmoja, wa kushoto, yeye aliyekuwa mtu wa mikono miwili na mdomo. Nilikaza akili kama siku ya mnada. Ngumi ikagusa kidevu ikafunguka. Kidole kimoja kikasimama. Kiganja kikatoka kifuani kikaja kwangu, kikarudi. Ngumi tena. Kidole kimoja tena. Ishara tano, nikahesabu. Nikahesabu tena, tano. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea na mate yanatoka, mwanamke niliyemheshimu, nikaona ni adabu kutoutazama. Nilitazama vidole. Nilivikariri vyote.

Alipomaliza akasubiri. Nikatafuta katika arobaini na moja. Nikainua mikono yangu nikamwambia nilichokuwa nacho: bei gani?

Kitanda kikatikisika. Sijui alicheka au alilia. Nilikuwa naangalia mkono.

Simu yangu ni ya vibonye, haionyeshi watu. Nikamwambia kwa mdomo, kwa sauti, maana masikio yake yalikuwa mazima, "Mwalimu, Jumapili nitakuja na simu kubwa ya mama Kemunto. Utaongea na Kemunto mwenyewe. Jumapili." Akakishika kidole changu, akakiminya. Nikamwonyesha msichana namna ya kumwekea mto chini ya kiwiko ili uji usimwagike, nikamwomba asimfunge tena. Akaahidi huku analia.

Jumapili nilifika na simu, imejaa chaji, nimeihesabu mifuko mara mbili isinidondoke. Nikakuta wanaume wanasimamisha hema na kuni zinashushwa. Alikuwa ametutoka Ijumaa.

Nikakaa kwenye jiwe kando ya kishamba chake nikampigia Kemunto simu ya kuonana. Alikuwa ameshaambiwa, macho yamevimba. Nikasimamisha simu kwenye mgomba, nikafanya alichofanya Mwalimu. Ngumi, kidevu, kidole, kiganja, ngumi, kidole.

Mtoto akatafsiri. "Mama anasema fanya tena."

Nikafanya.

"Mama anasema tena, polepole."

Nikafanya. Kemunto alisogea karibu na kioo mpaka nikaona kope zake. Akasema kitu kirefu kwa mikono. Mtoto alimwangalia, akaniangalia, kama mkalimani anayepima kama atasema.

"Babu, mama anasema hiyo si maneno. Ni mikono tu."

Baadaye alinitumia ujumbe. Anaandika Kiswahili kizuri, alifundishwa na yule yule. "Baba, inaweza kuwa vitu vingi. Inaweza kuwa mtoto mmoja, au saa moja, au nakudai, au asante. Uso wake ulikuwaje?"

Niliusoma pale kwenye jiwe. Nikausoma tena. Vidole ninavyo vyote, mpaka leo, kwa mpangilio. Uso sikuutazama.

Nilimjibu kwamba sikumbuki. Ni uongo wa kwanza kumwandikia binti yangu, na sikupata faida yoyote.

Watakuja Desemba, yeye na mumewe na mtoto. Nimehesabu Jumapili zilizobaki, kumi na tisa. Nimehesabu tena. Ninachotaka kumwambia nakijua kwa Ekegusii na kwa Kiswahili, ila sitaki kukipitisha kwa mtoto wa miaka minne. Kwa hiyo naomba ushauri kwa yeyote anayejua. Kutoka hapa Keumbu mpaka Suneka nimeulizia anayefundisha watu wazima, sijampata. Kama yupo, anitajie bei, nitalipa hiyo hiyo ya kwanza. Na kama hayupo, nielezeni tu: mtu wa umri wangu, mwenye vidole vyake kumi, huanza vipi kumtazama mtoto wake usoni?